Paka hafungi Ramadhani

Leo nimekaribia kumuua paka wangu kwa mkono huu huu.

Mnanijua. Kule Kotile nilifukuza fisi watatu kwa fimbo moja, na mmoja alilia.

Sasa huyu paka, Sultani, ana kisukari. Kila asubuhi na jioni anakula nyama kwanza, halafu namchoma insulini.

Leo tumeanza kufunga. Asubuhi hakuna aliyeingia jikoni, na mimi nikamchoma tu kama kawaida.

Hazikupita saa mbili, Sultani akayumba kama mlevi, akaanguka.

(Hapo fisi niliwasahau.)

Mke wangu Halima akauliza, "Amekula?"

"Si tumefunga?"

"Baba Abdi, paka hafungi."

Akachukua sukari, ile ile niliyoipiga marufuku karibu na paka, akaikoroga na maji kidogo, akampaka kwenye fizi. Mimi nikasoma dua zote ninazozijua, hata ya safari.

Wallahi, akafungua jicho moja.

Amekula, yuko mapajani mwangu. Lakini daktari wa mifugo ameenda Liboi, na jioni kuna sindano nyingine.

Mwenye kujua aniambie kabla ya magharibi: nimchome au nimwache? Na Halima asijue kwamba nimeuliza.