Raba Laini na Abiria wa Kushoto

Siku ya kwanza kazini, tairi ilinitoroka. Nilikuwa naibiringisha nje ya gereji pale Makadara, ikashika mteremko, ikaenda kupiga meza ya mama wa viazi karai. Bosi wetu, Fundi Mkuu, akacheka mpaka akashika mlango. "Yakhe, shule ilikukimbia, sasa hata tairi yakukimbia!"

Nikabaki kwake mpaka nilipostaafu. Ndiye aliyenifundisha tairi za rali. Raba laini yang'ang'ania barabara, lakini yaliwa upesi, na jiwe laipasua ubavu. Raba ngumu yavumilia mawe, ila kwenye kona yateleza. Zote mbili pamoja hupati. Na gari likirudi majaribioni, hatukuosha tairi kwanza. Tulizipitishia kiganja, tukazisoma. Palipoliwa ndipo uzito ulipokaa.

Dereva wetu alikuwa shemeji yangu Bakari, mume wa dada. Msomaji wake wa njia, marehemu Juma, ndiye aliyekuwa akikaa kushoto akimtajia kona. Juma alikufa kwa homa. Arubaini ilipopita, Bakari akaenda bara kujaribu gari kwa raba laini, peke yake.

Alirudi mchana kweupe. Nikapitisha kiganja: tairi za kushoto zimeliwa kuliko za kulia, anakokaa dereva. Mimi hata paka wa mtaani Kibokoni hunitimua, basi nikaondoa mkono upesi.

"Shemeji, kona za huko zaelemea upande mmoja?"

"Ah, sawa kwa sawa. Kwani vipi?"

Fundi Mkuu akapapasa, akapapasa tena. "Ulimpakia nani?"

"Sikumpakia mtu, mzee. Peke yangu."

Fundi Mkuu akafuta mkono taratibu. "Mashindanoni utavaa ngumu."

"Ngumu nitashindwa! Laini ndiyo ushindi!"

"Laini yabeba wawili. Wewe una msomaji mpya. Tairi hizi zasema mtakwenda watatu. Ubavu hautahimili, na nyumbani mkeo ana mimba."

Bakari alininunia kama mimi ndiye niliyekaa pale kushoto. Lakini alivaa ngumu, akateleza kila kona, akamaliza nyuma kabisa. Gari lilipofika, tairi ya mbele kushoto ilikuwa na jeraha ubavuni, mpaka nyuzi zaonekana. Raba laini ingepasuka, nao wangekwenda bondeni. Dada yangu akalia, akamshika mumewe mashavu.

Msomaji mpya, kijana wa bara ambaye hakuambiwa lolote, akashuka akijinyoosha kiuno.

"Mzee, hiki kiti chenu chembamba sana. Njia nzima nimekaa nusu."

Fundi Mkuu akaushikilia mlango wa kushoto wazi kidogo, kisha akaufunga.

Siku hizi vijana waniletea tairi barazani, waniuliza: laini au ngumu? Kwanza nawauliza garini mko wangapi. Wacheka, nami nacheka nao, lakini sitaji raba mpaka wahesabu tena.