Vitenzi vya Kiingereza kwa Sauti ya Chuoni

Enzi zetu pale Tibirinzi, Kiingereza hatukukisoma kimya kimya kama vijana wa leo, wanaobonyeza simu mara mbili kisha wakajidai wanajua. Tulikiimba! Tulitoka chuoni, tulikozoea kusoma Kurani kwa kuyumba na kwa sauti, tukaingia skuli kwa Maalim Hamadi, na vitenzi vyake tukavitia sauti ile ile: go, went, gone; see, saw, seen. Maalim alijua kufundisha, Mungu amrehemu. Alitupeleka shambani akatuonyesha nyakati za vitenzi: aliye juu ya mkarafuu anachuma, za jana zimekwishachumwa ziko jamvini, za kesho bado zi mtini. Tangu siku ile nyakati sikuzichanganya tena. Ila vile vitenzi vikaidi vilikuwa vya kukariri tu, na ndivyo vilivyonitoa jasho.

Mkaguzi wa Kizungu alikuwa aje mavuno yakimalizika. Atakayefaulu ataendelea na masomo Unguja. Baba alikwishasema, "Ukianguka, kesho yake uko mkarafuuni."

Ilikuwa miaka ya vita, mafuta ya taa ya shida, kwa hiyo nikisoma alasiri barazani. Mama yangu, Bi Mize, hukaa kando yangu akichambua karafuu na kutoa makonyo, vile vijiti vyake. Kiingereza hakujua hata neno. Siku moja jirani yetu Bi Time akapita, akasikia sauti yangu, akavua viatu, akasimama kainamisha kichwa mpaka nikamaliza. Kisha akainua mikono, "Amin!" Mama alicheka hadi ungo ukamponyoka.

Lakini masikio ya mama yangu, jamani! Nikiruka neno moja tu, mikono yake husimama.

"Hapo umeruka, mwanangu. Rudi."

Nikitazama daftari, kweli nimeruka. Orodha nzima alikwishaishika kwa kuisikia tu, kama alivyozishika sura za Kurani utotoni.

Siku ya mkaguzi nilivianza vitenzi vizuri, kisha katikati nikakwama. Maalim akatazama chini. Nikafumba macho, nikaiona mikono ya mama imesimama juu ya karafuu. Nikarudi nyuma, nikaanza kuyumba, nikapita mpaka mwisho. Yule Mzungu alicheka sana, lakini jina langu aliliandika.

Niliporudi likizo ya kwanza kutoka Unguja, nilimwuliza, "Mama, yale maneno ulijua maana yake?"

"Nitajulia wapi, yakhe? Mimi nikikusikiliza wewe."

Leo wajukuu zangu wana simu inayowasahihisha kila kosa, na Kiingereza chao kinanipita mbali. Nawaonea fahari, Wallahi. Ila sijaona simu iliyoacha kazi yake ikamsikiliza mtoto. Mimi na uzee wangu huu, nikikosea neno, husimama hapo hapo, nikingoja kuambiwa nirudi.