Siku Mama Alipoolewa Tena na Baba

Baridi yangu ya kwanza London ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Baba aliwasha jiko la kupashia joto alfajiri, Mama akafukiza udi ili kuiua harufu ile, na badala ya kuuana harufu mbili zikaoana, tukaenda nazo shule kwenye makoti yetu. Tulitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, wazazi na watoto watatu, mimi Salma nikiwa mkubwa, tukapanga chumba kimoja, wala hatukujiona maskini. Mama alikuwa akisema nyumba ni watu. Hata hivyo, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ilipotuahidi nyumba Thamesmead, mtaa mpya uliokuwa ukijengwa kando ya mto, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama ina bustani.

Kilichotukwamisha ni cheti cha ndoa. Ofisi ilikitaka, nacho kilibaki Unguja, na barua za Baba za kukiulizia hazikujibiwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kumbe hata ndoa. Mwishowe Baba akashauriwa wafunge ndoa upya mbele ya msajili. Mama aliposikia aliweka upawa chini. "Baba Salma, mimi nimeshaolewa. Nikiolewa leo, hawa watoto niliwaokota wapi?" Nyumba yenye bustani ikaanza kutuponyoka. Aliyetuokoa ni Bi Zuena, mama wa Kimombasa aliyekaa chumba cha juu. Alimwambia Mama, "Wanawake wangapi huposwa mara mbili na mume yule yule? Mwache mwenzio akupose." Jumapili ile Baba akavaa kanzu na koti, akatoka nje, akabisha mlango wa chumba chake mwenyewe, akapiga hodi kwa adabu na kumposa Mama mbele yetu. Mama alicheka hata akakaa kitako. "Nimekubali," akasema akijipangusa machozi, "ila siandikwi mwari."

Ofisini mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwa kuwa Kiingereza changu cha shule kiliwapita wote wawili. Msajili, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole, aliuliza kama bibi harusi amewahi kuolewa. "Mwambie nimeolewa," Mama akasema. Nikamwambia. Msajili akauliza ameolewa na nani. Nikamwonyesha Baba. Yule mzee akaweka kalamu chini, akawatazama mmoja baada ya mwingine, nami nikadhani nimeipoteza nyumba kwa mdomo wangu. Kisha akatabasamu. Akanieleza kwamba lipo neno la kuandika kwa watu kama hawa, na akaandika kuwa wawili hao walikwisha kufunga ndoa kabla ya hapo, Zanzibar. Mama alinitaka nimsomee mstari ule, nikausoma, akataka tena. Ndipo akatia sahihi. Bi Zuena, aliyekuja na mumewe kuwa mashahidi, akapiga vigelegele vilivyojaza ukumbi, na maharusi wa Kiingereza waliokuwa wakingoja zamu yao nje wakapiga makofi bila kujua sababu. Tulihamia Thamesmead kabla baridi haijaisha.

Leo nimestaafu, na kazi ninayoifanya kwa kuipenda ni kuwasaidia watu kutafuta koo zao katika kumbukumbu za ndoa. Mpwa wangu, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alianzia kwenye mstari ule wa msajili akajua pa kuelekea ni Unguja. Lakini nikiwatafuta mabibi wa watu ninaowasaidia nakwama. Vyeti vya zamani vya Uingereza viliandika baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, na kazi zao, mama hakuulizwa. Wanawake waliowazaa maharusi wote wale wamepita kama hawakuwapo. Mwaka jana binti yangu aliolewa huku Harrow. Msajili, msichana mdogo tu, alipomaliza na mume wangu alinigeukia mimi, akaniuliza jina langu na kazi niliyofanya, ili aandike, maana siku hizi mama naye huandikwa kwenye cheti. Nikamtajia jina langu, la Baba na la Babu, herufi moja moja. Binti yangu akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba watu wanangoja. Sikuharakisha.