Moto wa Kuita Mvua

Delfina Sarango ni mjane mkaidi, na mimi jirani yake nampenda kwa ukaidi huohuo. Maisha yake yote amechunga ng'ombe juu kabisa, kwenye nyasi za baridi, na huko alimjua ndege mvumaji mwenye koo la buluu, yule mdogo anayenyonya maua huku akielea hewani, kabla wataalamu hawajamjua. Wao walibishana kwanza: ni tawi tu la wavumaji wa milima ya kaskazini, au ni spishi kamili? Mwishowe wakakubali ni spishi yake peke yake, na papo hapo wakamweka miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka. Kupewa jina na kuchimbiwa kaburi siku moja! Nilikasirika, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Mwaka huu mvua ikagoma. Kwetu mvua ikigoma, nyasi za mlimani huchomwa ili moshi uiite. Polivio, shemeji yake Delfina, ndiye aliyetangaza siku.

"Shemeji, usichome," Delfina akamwambia mbele za watu. "Mvumaji jike ana mayai kule mwambani."

"Kwani wataalamu walipombadilishia ukoo huyo ndege wako, alileta mvua?" Polivio akauliza, watu wakacheka. "Ng'ombe wako wanalamba mawe, wewe unalilia kindege kisichojaa kijiko! Penye wengi pana Mungu, shemeji, na wengi wanataka mvua."

"Basi niacheni nifyeke kuuzunguka mwamba."

"Fyeka mpaka mbinguni, mama!"

Akashika mundu tangu alfajiri, shanga zake za kila siku shingoni. Nilimpelekea mahindi ya kuchemsha na jibini, hakugusa. Upepo ulikuwa umetulia mno, na ng'ombe walikataa kupanda. Sikuipenda siku ile hata kidogo.

Moto ulipanda mlima kwa sauti ya nguo inayochanwa. Ulipofika penye ukanda uliofyekwa ukasita, ukagawanyika, ukapita pande zote mbili. Mwamba ukabaki. Kiota nacho kikabaki chini ya jiwe, jike akiwa juu ya mayai yake. Delfina alinikumbatia, akalia kwa furaha.

Kisha akageuka kuutazama mlima. Vile vichaka vya maua ya rangi ya chungwa, ambavyo ndivyo chakula cha yule ndege, vilikuwa majivu matupu toka mwambani hadi bondeni. Mvumaji hunywa mchana kutwa. Akikosa ua leo, kesho haioni. Delfina alilijua hilo kuliko sisi sote, ila akili yake yote ilikuwa kwenye kiota.

Mawingu yakashuka. Matone ya kwanza yalipoanguka, huko chini watu wakapiga vigelegele.

"Shemeji, shuka!" Polivio aliita. "Umeona? Mwaka ujao tunachoma mapema!"

Delfina hakuthubutu kusogea. Jike alikuwa ameacha kiota, ananing'inia hewani mbele ya kifua cha Delfina, akizidonoa zile shanga za rangi ya chungwa shingoni mwa mama huyo, moja baada ya nyingine, akitafuta utamu.