Chupa ya Chai ya Baba

Mama yangu ni fundi cherehani, na hana subira na mtu wa kumzungusha. Alipokwenda benki kutafuta kadi ya mkopo ya kununulia vitambaa, nilimsindikiza.

"Mama, ziko mbili," binti wa kaunta alimweleza. "Hii riba yake ndogo, inakufaa kama humalizi deni lote kila mwezi. Hii nyingine riba iko juu, lakini kila ukinunua unapata pointi. Zikijaa, unachagua zawadi. Hata chupa ya chai ipo."

Mama akaangua kicheko mpaka mlinzi akageuka.

Nilijua anacheka nini. Nilipokuwa mdogo, marehemu baba alikusanya makaratasi ya sabuni ili kiwanda kimpe zawadi ya chupa ya chai. Sabuni hiyo tuliogea, tukafulia, tukaoshea vyombo, na bado ilijaa kabatini mpaka mkate ukanukia maua. Mama aligomba, "Si ununue tu hiyo chupa, baba nanihii!" Baba alicheka tu: "Ya kununua haina raha." Siku alipoipata, aliingia nayo ameipakata kama mtoto mchanga.

"Nipe ya riba ndogo," Mama alimwambia binti, akifuta macho. "Mimi hulipa kidogo kidogo."

Jioni alinimiminia chai kutoka chupa ile ile. Ilikuwa imepoa, chupa ilishaacha kutunza joto zamani. Nikamwambia kesho nitamnunulia mpya.

Akaikumbatia. "Ya kununua haina raha."