Nusu ya Kifungu Niliyowaficha

Ipo Jumapili moja ambayo hunijia hata nisipoiita, mwanangu. Ilikuwa kijijini kwetu Bahati, karibu na Nakuru, msimu wa kuvuna viazi, na akina mama walikuwa wamekuja ibadani na udongo bado umewashika kuchani. Katiba mpya ilikuwa na miaka michache tu tangu ipite. Wiki hiyo kulikuwa na habari kwamba muuguzi mmoja wa zahanati ya mjini Nakuru amekamatwa na polisi, anashtakiwa kutoa mimba, na mwanamke aliyekuwa kitandani amechukuliwa pamoja naye. Kisimani, sokoni, shambani, hakukuwa na mazungumzo mengine. Chama chetu cha akina mama kikaamua: baada ya ibada tusomewe sheria yenyewe, tujue inasema nini.

Sasa elewa desturi yetu. Wengi wa wale mama hawakuwa wamekaa shuleni muda mrefu. Barua ikija, tangazo likija, mmoja husoma na wengine husikiliza, na kilichosomwa huchukuliwa kuwa ndicho kilichoandikwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza msomaji, "Umemaliza?" Na msomaji nilikuwa mimi. Nilikuwa mama kijana, nimemaliza kidato cha nne, nina sauti ya kufika mabenchi ya nyuma. Usinicheke. Kwa mwanamke wa kulima viazi, hicho kilikuwa cheo.

Kabla sijasimama, mzee mmoja wa kanisa aliniita kando. Alikuwa mtu mpole, aliyekuja kutuombea tukiugua, na sitaki umwone kama mtu mbaya. Alikuwa na kitabu cha katiba, akaweka kidole kwenye ukurasa. Kifungu kilianza kwa kusema kutoa mimba hakuruhusiwi. Kisha kikaendelea: isipokuwa pale ambapo mhudumu wa afya aliyefunzwa kazi yake ataona mama anahitaji matibabu ya dharura, au uhai wake au afya yake iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

"Soma mpaka hapa," akasema, na kidole chake kilikuwa kimesimama kabla ya lile neno "isipokuwa". "Hapa panatosha. Wakisikia hiyo ingine, wataishika hiyo peke yake."

Nilisoma mpaka pale. Sikubishana. Nilijiambia sijasema uongo, kwa maana kila neno nililotamka lilikuwa limeandikwa. Nyuma kulikuwa na mama mmoja mcheshi, akapaza sauti: "Maliza haraka, Mama Kamau, ugali hausongwi na katiba." Tukacheka sote, tukafunga kwa maombi, kila mtu akaenda kwake.

Miongoni mwao alikuwa Wairimu, mama wa Njeri. Mashamba yetu yalipakana. Tulikuwa tukipaliliana, leo kwangu kesho kwake, na alikuwa na mdomo mkali wenye mzaha, kiasi kwamba ukipalilia naye husikii jua. Alikuwa na watoto wanne. Uzazi wa yule wa mwisho nusura umuue: shinikizo la damu lilipanda, akapata degedege za mimba, akakaa siku kadhaa hajui watu.

Miezi mitatu baada ya ile Jumapili alikuja kwangu mchana, hajanitania, akakaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama Kamau, niko na mimba."

Sikujua kama nimpe pole au hongera. Akaendelea mwenyewe. "Daktari wa town amenipima. Amesema figo haziko sawa tangu ile ingine, na hii inaweza kunimaliza. Ameniambia nirudi na baba Njeri wiki ijayo, tukae chini atueleze njia zote. Ameniambia sheria iko na nafasi ya mtu kama mimi." Akaniangalia. "Lakini si ni wewe ulitusomea? Na yule muuguzi si alishikwa? Niambie. Hapo kwa hiyo sheria, kuna kitu cha mama mgonjwa?"

Mwanangu, kitabu cha katiba, nilichobaki nacho tangu ile Jumapili, kilikuwa ndani, juu ya kabati, hatua kumi kutoka pale alipokaa. Ningeweza kuinuka. Lakini kuinuka kungekuwa kukiri mbele ya jirani yangu kwamba msomaji wao alikuwa amewakatia maneno. Niliona aibu. Si dini iliyonifunga mdomo siku ile, ingawa kwa muda mrefu nilijidanganya kuwa ni dini. Ilikuwa aibu ya kupoteza cheo kidogo cha kusoma matangazo.

"Hakuna," nikamwambia.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Tuombe tu."

"Basi huyo daktari anataka tufungwe pamoja," akasema, akajaribu kucheka. "Mimi na hii tumbo, nitatoshea kwa hiyo seli?" Akainuka, akapangusa sketi, akaniomba mche wa sukuma wiki wa kupanda, nikampa.

Hakurudi kwa yule daktari. Hapo ndipo penye kidonda changu. Aliogopa hospitali yenyewe, aliogopa kuandikwa jina, akafikiri mtu akijua ugonjwa wake atashukiwa. Hata shinikizo la damu halikupimwa tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha kwa ujinga. Alifichwa ukweli na mimi. Mimba ilipofika mwezi wa saba, asubuhi moja, alianguka kwenye mistari ya viazi. Walimbeba kwa pikapu ya jirani. Hawakufika hospitalini na mtu aliye hai, wala mtoto hakupona.

Baada ya mazishi mamake Wairimu alikuja kutoka Ndabibi kukaa na wale watoto wanne. Sisi humwita mwanamke wa umri ule cucu. Nilienda kumsaidia kupukuchua mahindi. Tulikaa uani, gunzi moja baada ya jingine. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Mtoto wangu aliniambia wewe ndio ulimsomea sheria. Nisomee na mimi."

Nilienda nyumbani, nikarudi na kitabu. Safari hii sikuwa na kidole cha mtu mbele yangu. Nilisoma mpaka nukta ya mwisho. Punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni.

"Rudia hapo nyuma," akasema. Nikarudia.

"Hiyo ulimsomea?"

"Hapana, cucu."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia hakuna."

Aliweka gunzi chini. Nilitamani anipige. Alisema polepole, kama mtu anayepanga kuni: "Mimi sijui kusoma. Maisha yangu yote nimekuwa nikiomba watu macho. Nikiletewa barua, naangalia uso wa yule anasoma, kwa sababu karatasi siwezi kuiangalia. Sisemi angeitoa. Wairimu alikuwa mkaidi, unamjua. Pengine angesema atazaa hata kama ni kufa. Lakini angesema yeye. Siku Mungu atakuuliza juu ya ile mimba, utamwambia uliogopa dhambi. Akikuuliza juu ya Wairimu?"

Nilikifunga kitabu, nikakiweka chini.

Akalichukua gunzi lake tena. "Songa karibu," akasema. "Pukuchua. Watoto hawajakula."

Sikusamehewa siku ile, wala sikufukuzwa. Nilipewa kazi ya kufanya. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama, nikawasomea kifungu chote, nikawaambia nilichokuwa nimekificha na kilichompata Wairimu kwa sababu hiyo. Mzee wa kanisa aliinamisha kichwa. Yule mama mcheshi hakutania. Aliuliza tu, "Sasa ndio unatuambia?" Tangu siku hiyo alikuwa akienda kwa mwalimu wa shule ya msingi kusomewa barua zake, ingawa njia ya kwenda huko ilipita mlangoni kwangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa wewe ni kijana wa zama hizi, mwenye simu iliyojaa sheria za dunia nzima, na unasikia watu wazima wakigombana redioni juu ya jambo hili. Sheria ya zamani ya makosa ya jinai bado iko vitabuni pamoja na katiba, kesi zinaenda mahakamani na kurudi, na wauguzi wengine bado wanahudumu huku wakiangalia mlango. Watoto wa dada yangu huniuliza niko upande gani. Nawaambia mimi ni Mkristo, na uhai wa aliye tumboni sijauona kuwa kitu chepesi hata siku moja. Lakini pia nilimzika rafiki aliyeuliza swali akapewa nusu ya jibu. Siwezi kumweka mmoja kando ili nimtetee mwingine kwa urahisi. Anayekwambia jambo hili ni jepesi, huyo hajawahi kupukuchua mahindi na mama wa marehemu.

Nasaha yangu ni hii, nami nimeilipia. Mtu akikuomba macho, mpe macho yote mawili. Ukiwa muuguzi, mhubiri, mwalimu, au jirani tu anayejua kusoma, usiamue kwa niaba ya mwenzako ni maneno gani ya sheria yanayomfaa. Msomee yasemavyo, hata yale usiyoyapenda, kisha kama una imani yako mwambie pia, ukiitaja kuwa ni imani yako. Usijidanganye kwamba kunyamaza si kusema. Na kama umeshakosea, kama mimi, usingoje mazishi. Inuka siku hiyo hiyo, aibu ikuchome. Moto wa aibu huzimika, ila majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekua, analala nyumbani kwangu, hataki kuhama. Wewe mwenyewe ukiwa mgonjwa, usikubali kusikia kwa mtu mmoja. Rudi kwa daktari, uliza, uliza tena. Kuuliza si ujinga, na Wairimu hakuwa mjinga; alimuuliza mtu mwoga.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuzungushie watu wasiokuficha ukweli, awape mabinti zako afya na wakunga wenye moyo, na siku mtu mwenye hofu atakapokaa kwenye ngazi ya jikoni kwako, akupe ujasiri wa kuinuka.