Kibali cha Kuuguza

Wodi ya watoto pale hospitalini kwetu Mbinga ilikuwa na nesi mmoja kwa kila zamu. Wa zamu inayofuata akiugua, wewe uliyemaliza unabaki, na kubaki huko hakulipwi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya mjini yamejaa redio na mitumba, kila kitu kimepata bei isipokuwa usingizi wa nesi. Tawi letu la chama cha wafanyakazi likanituma mimi na wenzangu wawili kwa katibu wa hospitali tukadai mambo mawili: posho ya zamu ya ziada, na nesi wa pili kila wodi.

Nesi wa pili tulikuwa naye, ila hakuna aliyemwajiri. Alikuwa bibi mmoja kutoka Liparamba, anamuuguza mjukuu wake yatima aliyeungua miguu kwa uji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sisi tulimpa ndoo na tambara la kudekia. Aliosha hata watoto wasio wake. Mjukuu alilazwa chali, bendeji mpaka mapajani, hawezi kujigeuza. Bibi ndiye aliyemgeuza, huku akimwimbia kwa lugha ya kwao.

"Nesi wa pili?" katibu akacheka, akakoroga chai. "Mbona mnaye? Nimemwona mwenyewe akideki."

"Yule ni ndugu wa mgonjwa, mzee."

"Ndugu wa mgonjwa analala hapa, anatumia maji ya hapa. Siku hizi watu wanachangia huduma, dada."

Ndipo akatoa lake. Kila anayelala wodini kumuuguza mtu akate kibali cha wiki, isipokuwa mama anayenyonyesha. Hela hiyo ndiyo itulipe posho. Nesi wa pili tusahau.

Nilisimama kukataa. Mwenzangu akanivuta gauni. "Kaa chini. Mimi nina watoto wanaofukuzwa shule kwa ada."

Kwenye mkutano wa tawi walipiga makofi, hata wale ambao bibi aliwafulia mashuka. Nilipinga peke yangu, wakanizomea. Niliwachukia siku ile, na mpaka leo sijaacha. Katibu naye, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, hakumdanganya mtu. Alituwekea mezani vitu viwili tuchague, tukachagua.

Jumatatu mlinzi akamtoa bibi nje ya geti. Kuku wake alishawauza wote kwa ajili ya dawa, hakuwa na cha kukatia kibali. Akakaa kwenye nyasi na kibakuli chake cha uji, akimwomba kila anayeingia amfikishie mtoto salamu kwamba bibi yake yupo.

"Shikamoo, bibi," nilikuwa nikimwamkia nikitoka kazini.

"Marahaba, mwanangu. Umemgeuza?"

"Nimemgeuza."

Mara nyingine ilikuwa kweli.

Alhamisi mwenzangu wa zamu ya mchana hakuja, nikaendelea. Akaletwa mtoto wa degedege, amekakamaa mikononi mwa baba yake. Nilimhangaikia upande ule wa mlangoni, mgongo wangu umeelekea kitanda cha mjukuu wa bibi. Mjukuu akatapika akiwa chali. Mtu wa kumgeuza alikuwa getini. Wa degedege alipona, na nilipokwenda kwa yule mwingine alikuwa ameshakata roho.

Nikatoka nje. Bibi akainua uso. "Umemgeuza?"

Nikamwambia kama ilivyokuwa, maana sikuwa na namna nyingine ya kusema. Hakulia. Alijifunga kanga upya kiunoni, akaweka kibakuli chini.

"Basi niruhusuni nikamwogeshe. Nyie msimguse tena."

Mlinzi akasimama katikati ya njia. "Kibali, bibi." Macho aliyaelekeza pembeni, lakini mkono aliunyoosha.

Nikatoa hela mfukoni mwangu, nikamlipia. Akampa bibi karatasi yake yenye mhuri, ya wiki nzima.

Mwisho wa mwezi tulipanga foleni kwenye dirisha la mhasibu, wenzangu wanacheka, wanapigana vikumbo. Katika posho yangu, zamu ya ziada ya Alhamisi ile ilikuwemo. Hela niliyomlipia bibi akamwogeshe mjukuu wake ilinirudia mkononi, na nyingine juu yake. Nikasaini.